Neno Lililokwama Mlimani

Siyu, Pate
Jumanne, 14 Januari 2025

Kwa mwanangu Hayat,

Salamu zangu zikufikie kabla ya neno lolote, zikukute mzima, umekula, na umevaa sweta, maana naambiwa baridi ya Nairobi haina haya. Sisi huku hatujambo. Magoti ya Bi Lubna yametulia tangu aache kupanda darini bila sababu. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, na mmoja keshaanza ukorofi wa mamake. Paa la jiko limezidi kuvuja. Hilo nalitaja kwa kuwa Bi Lubna, mke wangu, hulitaja kila siku, nami nimemwahidi nitalitaja.

Najua utasema, Ami, si upige simu. Simu naipiga, na salamu tunapeana. Lakini jambo la kufikiriwa huandikwa, mtu akalisoma mara mbili na akalala nalo. Umri wangu wote nimekuwa mwalimu, sitaanza yeo kujadili mambo mazito na mtu anayenikatiza kila mara, "Ami husikiki, Ami husikiki." Barua hii ataichukua Idris wa mashua kutoka Mtangawanda mpaka Lamu, atampa mamako, shemeji yangu, hapo Wiyoni, naye ana watu wake wa basi Mokowe. Ndia ni hiyo hiyo ya siku zote.

Basi neno langu ni hili. Ile kompyuta uliyotuundia mwanangu Madi alipoondoka kwenda Doha, naona inataka kadi mpya ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini. Nakuuliza wewe kwa kuwa ndiyo kazi yako: inafaa niinunue?

Wajua mimi na Madi tunavyozungumza. Kwenye simu ni "Uhali gani, baba?" "Njema. Kazi?" "Alhamdulillahi." "Haya, huyu hapa mamako." Tumekuwa hivyo tangu akiwa mdogo, na si ugomvi, ni tabia zetu tu. Lakini katika lile gemu la malori, kila Alhamisi baada ya alasiri, yeye huko Doha na mimi hapa, tumevaa hedifoni zetu, lori lake mbele na langu nyuma, tunazunguka Ulaya nzima, na humo ndimo anamonizungumzia. Humo ameniambia habari za bosi wake wa ghala, na za homa aliyotuficha mwaka jana. Mtu akiwa ameitazama barabara, ulimi humlegea. Nami niliyewafundisha watoto wa Siyu mto Danubi kwa ubao na chaki, sasa nauvuka kwa magurudumu, na hapa kwetu chombo kikubwa cha barabarani ni bodaboda ya Shukri.

Mwanzo wa mwezi huu tulikuwa tunapanda milima ya Alpi, na mvua ikinyesha. Madi akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba, nina neno nataka kukwambia." Nikamwambia sema. Papo hapo picha ikaganda, feni ikavuma, skrini ikawa nyeusi. Nilipoiwasha tena alikuwa keshatoka. Nikampigia simu nikamwuliza neno gani, akasema, "Hata, baba, si kitu, tutaongea barabarani." Alhamisi iliyofuata hatukufika hata mguuni pa mlima.

Hayat, mwanangu ana neno na limekwama. Huenda anaumwa. Huenda amefukuzwa kazi. Huenda ameamua asirudi tena nti hii. Mimi silali vizuri. Kuna kijana wa kutoka bara pale Mokowe, Hesbon, fundi wa simu na kompyuta, ana kadi ya daraja la kati, si ya kifahari wala si takataka, na amekubali kuniwekea. Fedha zipo, ila ndizo za paa la jiko. Bi Lubna hajasema kitu, na wewe wamjua Bi Lubna asiposema kitu.

Nijibu upesi, na uandike kwa herufi za kusomeka.

Ami yako,
Abdulwahid


Nairobi
Jumapili, 2 Februari 2025

Ami yangu,

Assalaam alaikum. Naubusu mkono wako wa kulia, na ya Bi Lubna naibusu yote miwili. Mimi ni mzima na sweta nimevaa. Barua yako ilifika dukani ikinukia udi mpaka Wangu, mwenye duka, akaniuliza kama nimeletewa barua au nimeletewa harusi. Amekusalimu. Anapenda nikimsomea ulivyoandika "ndia," anasema akifika Lamu hata kuuliza njia hataweza.

Mapacha wa mbuzi wawekewe majina kabla hamjaamua kuwachinja, tafadhali.

Sasa kadi. Nitakwambia kama ninavyowaambia wateja, na wateja huwa hawapendi. Kadi ya daraja la kati ni nzuri kwa mtu ambaye na vitu vyake vingine ni vya daraja la kati. Yako siyo, Ami. Niliiunda kwa vipande vilivyobaki hapa dukani, kwa mapenzi zaidi kuliko kwa fedha. Ukiipachika hiyo kadi, pawa saplai, inayogawa umeme humo ndani, haitaibeba, itabidi nayo ibadilishwe. Ukishabadilisha, itaanza kula umeme, na betri zako za sola zitazimika kabla hamjatoka Ureno. Na hata ukiwa na umeme, prosesa yako, yaani ubongo wa mashine, ni ya polepole, itaichelewesha kadi yenyewe. Utakuwa umenunua injini ya lori ukaifunga kwenye bodaboda ya Shukri.

Tena, kadi uliyo nayo iliendesha gemu hilo hilo mwaka mzima bila kulalamika. Kadi haichoki kwa siku moja. Kuna kitu kimebadilika hapo nyumbani, na nikijua ni kitu gani nitajua la kufanya. Nenda kwenye mipangilio, punguza vivuli na mvua. Halafu niambie: inakwama siku zote au siku nyingine tu? Ukiligusa lile sanduku ubavuni lina moto? Feni inavuma kabla haijazimika, au ikishazimika?

Kuhusu Madi, sidhani kama anaumwa, na sidhani kama amefukuzwa kazi. Usijiumize roho. Ulisema alinyamaza kitambo kabla ya kusema. Kitambo kirefu?

Idd nadhani sitaweza kuja. Dukani kuna kazi nyingi. Mniwie radhi.

Mwanao,
Hayat


Siyu, Pate
Jumanne, 18 Februari 2025

Kwa Hayat, fundi wetu,

Tumeipokea barua yako kwa furaha, na Bi Lubna ameisoma baada yangu, akarudia mahali pa mikono yake kubusiwa. Wote tu wazima. Mapacha wamepewa majina: mmoja Ureno, mwingine Udachi. Udachi ndiye mkorofi. Mamako alinipigia kusema jino limemsumbua lakini limeng'olewa, na tangu ling'olewe amekuwa msahaulifu, kana kwamba kumbukumbu ilikuwa humo jinoni. Hayo ni maneno yake mwenyewe, si yangu.

Umeandika "sidhani" mara mbili katika mstari mmoja kuhusu Madi. Wanafunzi wangu wakirudia neno namna hiyo, jibu huwa wanalijua. Lakini mimi si askari. Kitambo kilikuwa kirefu, ndiyo. Tulipita daraja zima.

Majibu ya maswali yako haya hapa. Vivuli nimepunguza. Mvua nayo nimepunguza, hata ikawa haistahiki kuitwa mvua. Hakuna nafuu. Feni huvuma kwanza, tena kwa kishindo, ndipo skrini huzima. Sanduku likiwa chini ya meza sikuwahi kuligusa, na wewe mwenyewe ulituambia siku ulipoondoka, "Msiliguse wala msilifungue," nasi tumekutii. Hivi sasa nimeligusa. Ni vuguvugu.

Tena jambo la ajabu: Jumatatu niliendesha peke yangu kutoka Lisboni mpaka Warsawa, swafi kabisa. Alhamisi, na Madi, hatukufika popote. Hesbon anasema ndiyo dalili yenyewe. Peke yangu ni lori moya, Alhamisi ni malori mawili, na kadi ya zamani haiwezi kuchora yote mawili. Mbona naona maneno yake yana akili? Hakunishurutisha, wala hanikimbizi. Amesema ataniwekea mpaka Idd, baada ya hapo kuna afisa mmoja anaitaka.

Wala usidhani hatuitunzi. Bi Lubna huitunza mashine hiyo kuliko mimi. Vumbi haligusi meza, kaishonea kitambaa cha nakshi, na kila Alhamisi huipa heshima yake kama mgeni wa nyumba. Sasa naye ameanza kuuliza mwanawe ana neno gani. Jana alisema, "Paa lisubiri. Nunua hiyo kadi." Ndipo nilipojua kuwa halali usingizi na yeye.

Ramadhani i mlangoni, na msafara tumeusimamisha mpaka mwezi uishe. Nataka jibu lako kabla ya Idd. Ukisema nisinunue, nitakusikiliza, lakini uniambie basi nifanye nini, maana mimi mwanangu siwezi kumwacha na neno moyoni mwaka mzima.

Ami yako,
Abdulwahid


Nairobi
Alhamisi, 27 Februari 2025

Ami yangu,

Naishika mikono yenu. Leo salamu ni fupi, si kwa utovu wa adabu, mtu wa basi anaondoka mchana. Mpeni Mama pole ya jino. Ramadhani njema, Mola atufikishe na atukubalie.

Usinunue kadi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikainusa. Wangu kanicheka, lakini nimeinusa. Umeniandikia ukiwa kwenye meza ya kompyuta, sivyo? Karatasi yote ni udi. Na umesema Bi Lubna huipa mashine heshima yake kila Alhamisi. Heshima gani, Ami? Nauliza, ila nadhani jibu ninalo, kwa kuwa nimekulia katika nyumba hiyo. Kila jioni ya kuamkia Ijumaa alikuwa akitupanga sote, mimi, Madi, nguo zetu, mito ya vitanda. Chetezo cha udi kinawekwa chini, kitambaa kinafunikwa juu ili moshi usitoroke, na tukitoka hapo tunanukia mpaka Jumapili.

Kama anakiweka chetezo chini ya meza akaifunika kompyuta kwa kile kitambaa cha nakshi, basi ndiyo habari yenyewe. Kompyuta inavuta hewa kama mtu. Ukiifunika inakosa pumzi, inapata moto, inajizima isiungue. Jumatatu haikufunikwa, ndiyo maana ilifika Warsawa. Na udi wa Bi Lubna si udi wa dukani, ni ule wa kupikwa kwa sukari na marashi. Moshi wake unanata. Kwa muda wote huo umejipaka kwenye feni na kwenye kadi. Hata ukinunua kadi ya wafalme, itakufa vivyo hivyo.

Sanduku nakuruhusu ulifungue sasa. Zima umeme, subiri lipoe. Skrubu mbili za nyuma, kifuniko kinavutwa kwako. Usafishe feni na mapezi ya bati ya kupozea kwa brashi laini na spiriti, taratibu, na uache vikauke kabisa.

Nakuomba jambo moja. Usimgombeze Bi Lubna. Usimwambie hata kwamba ni yeye, kama inawezekana.

Na usimwulize Madi kwenye simu. Mwache aseme huko huko barabarani. Huko ndiko alikokusudia.

Mwanao,
Hayat


Siyu, Pate
Alhamisi, 27 Machi 2025

Hayat,

Salamu. Tu wazima, tumefunga, kumi la mwisho limekaribia kwisha. Udachi amekula ukurasa wa Bara la Asia katika atlasi yangu.

Mwezi mzima nimengoja jibu lako. Nilikwambia silali, nikakwambia mamake halali, nikakwambia kuna mtu anangoja kadi. Mtu mwenye kazi nyingi dukani hakosi nafasi ya kuandika mistari miwili, ndiyo au siyo. Simu nimeiacha makusudi, kwa kuwa nilitaka uniandikie bila kusukumwa. Sasa basi. Idd ya pili nitavuka mpaka Wiyoni kumpa mamako mkono wa Idd, nimwachie barua hii akutumie, kisha nipande mashua ya Mokowe nikaichukue kadi kwa Hesbon. Lawama zako utazileta baadaye.

Nimekasirika, nakwambia wazi.

Abdulwahid


Siyu, Pate
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mwanangu, roho yangu, Hayat,

Idd mubaraka, na kila mwaka uwe katika kheri. Nakutumia barua mbili katika bahasha moja. Ile ya hasira isome kwanza, upate kucheka, kisha uje kwenye hii. Ningeweza kuichana, lakini nimewafundisha watu wasifute kosa, walikate kwa mstari mmoja lionekane.

Nilifika Wiyoni Idd ya pili. Mamako alinikaribisha kwa vitu vyote vya Idd, nami nikala kwa hasira, yaani sana. Nilipokwisha nikampa bahasha, nikamwambia, "Mtumie binti yako, aliyenisahau." Akaufungua mkoba wake ule mweusi wa kwenda matangani ili aitie humo, akachomoa bahasha nyingine, akaitazama, akanitazama. Ilikuwa yako. Ilifika kwake kabla mwezi haujaandama, akaitia mkobani ampe Idris, na Ramadhani nzima hakukuwa na matanga. Nilitaka kusema neno, lakini alikuwa amekaa na kile kibahasha mkononi kama mtoto aliyevunja kikombe, nikamwomba chai tu, na bahasha yangu nikairudisha mfukoni.

Nimeisoma pale pale barazani kwake. Nikaona haya mbele ya kuta.

Mokowe nilikwenda hata hivyo, nikamweleza Hesbon kila kitu, hata habari ya udi. Alicheka, lakini kicheko cha mtu mzuri, akasema huko kwao kompyuta hufa kwa vumbi jekundu, ya kwetu inakufa kwa marashi. Kadi amempa afisa wake. Mimi kanipa brashi, spiriti, na kijitube cha ile pesti ya kupaka kati ya kadi na bati lake, tena akaniandikia namna ya kuipaka.

Tulifungua sanduku juzi. Ndani, mapezi yote yamejaa kitu cha rangi ya halua, kinanata vile vile. Feni ikizungushwa kwa kidole inashikilia. Nilikuwa nimemwambia Bi Lubna ni vumbi la bahari, kama ulivyoniomba. Lakini yeye pua yake haidanganywi. Akainama, akanusa, akakaa juu ya kitanda. Akasema, "Huu ni udi wangu."

Nikaweka brashi chini. Akaniambia, "Kila Alhamisi nilikuwa namfukiza kanzu yake ende msikitini ananukia. Sasa kanzu yake haiko. Sauti yake hutoka humo, basi nikamfukiza humo." Wallahi, Hayat, nimeishi na mwanamke huyu nyumba moya na sikujua. Nilikuwa nimekaa juu ya kiti kile kile, hedifoni masikioni, mato kwenye barabara ya Ulaya, yeye yuko chini ya meza na chetezo chake, kila wiki, na mimi nasikia harufu nasema moyoni, alaa, Alhamisi imefika.

Tumeisafisha pamoja. Yeye mikono yake ni mizuri kuliko yangu kwa vitu vidogo. Hivi sasa feni haisikiki kabisa. Udi atampelekea Madi mwenyewe, kuna jirani anasafiri kwenda Doha mwezi huu, na Alhamisi atakifukiza kiti changu badala ya mashine, kabla sijakaa.

Paa la jiko linaanza kuezekwa Jumatano. Alhamisi tunapanda mlima.

Ami yako, aliyekosea na amekata mstari,
Abdulwahid


Nairobi
Jumanne, 15 Aprili 2025

Ami yangu,

Naishika mikono yenu, na leo ya Bi Lubna naishika kwa muda mrefu zaidi. Nimesoma habari yake nikiwa kaunta, ikabidi niingie stoo. Mwambie hakuharibu kitu. Mwambie wateja wangu hufanya mabaya zaidi, kuna mmoja alimwagia kompyuta uji.

Mama kanipigia kuomba msamaha kwa ajili ya mkoba. Tumecheka mpaka salio likaisha.

Barua ya hasira nimeiweka. Nilistahiki nusu yake.

Ami, mlifika juu? Madi alisema? Sikuulizi alisema nini, hilo ni lenu. Nauliza tu kama mashine ilistahimili, kifundi.

Mimi sijambo. Kazi imepungua kidogo. Sweta nimelivua nikalivaa tena.

Mwanao,
Hayat


Siyu, Pate
Jumanne, 22 Aprili 2025

Kwa Hayat binti wa ndugu yangu,

Salamu zetu nyingi, na za mapacha. Paa limekwisha, ni bati jipya, na mvua ya kwanza imenyesha Bi Lubna akiwa amesimama katikati ya jiko akitazama juu, anangoja tone. Halikudondoka. Nadhani alisikitika kidogo kwa kukosa la kunilaumia.

Unauliza kifundi, nami nitakujibu kifundi. Mashine ilistahimili. Nimeirudisha mvua yote na vivuli vyote. Tulitoka bandarini Marseli, yeye mbele mimi nyuma, tukaanza kupanda. Tulipofika mahali pale pale tulipokwama, akanyamaza tena. Tukalipita daraja. Safari hii mimi ndiye niliyesema, "Madi, ulikuwa na neno."

Akasema, "Baba, ni Hayat."

Niligonga kizuizi cha barabara, lori likalala ubavu, gemu likanitoza faini. Hilo si kosa la kadi.

Alisema mengi, Hayat, kuliko alivyosema tangu azaliwe. Alisema alikuuliza wewe kama utakubali akuoe, siku ile ulipoleta kompyuta, nawe ukamjibu, "Mwambie Ami kwanza, kwa kinywa chako, si kwa mjumbe wala kwa simu. Ukishamwambia ndipo uniulize tena." Alisema mkataba wake unakwisha mwisho wa mwaka na anataka kurudi, aanzishe duka la vyakula Mokowe. Alisema mwaka jana mzima alikuwa akikusanya moyo wa kuniambia, na alipoupata, mimi nazimika.

Nilimcheka, halafu nikalia kidogo, hedifoni zikiwa masikioni. Nina furaha, mwanangu. Nakwambia hivyo ujue, lakini furaha yangu isikusukume. Mimi ni babake, na tangu ndugu yangu afe mimi ndimi walii wako, wa kukuoza. Katika jambo hili nina viti viwili, na sitaki kukikalia cha Madi na kukuacha wewe umesimama. Kwa hiyo sikumpa jibu. Nimemwambia, mwenye jibu yuko Nairobi.

Na wewe nakwambia hivi. Kama moyo wako hauko huko, huna haja ya kunieleza wala kuomba radhi. Niandikie habari za mvua ya Nairobi tu, nami nitaelewa, nitamwambia mwenyewe kwa upole, na wewe utabaki Hayat wangu vile vile, na Idd utakuja. Sasa najua kwa nini hukuja.

Bi Lubna hajasema kitu. Safari hii ni kwa sababu anaogopa akifungua kinywa atapiga vigelegele kabla ya wakati.

Ami yako na walii wako,
Abdulwahid


Nairobi
Jumapili, 11 Mei 2025

Ami yangu,

Assalaam alaikum. Mikono yenu naibusu. Huku Nairobi mvua imenyesha wiki nzima. Barabara ya dukani imejaa maji, na Wangu amenunua gambuti.

Usiiweke barua chini, Ami. Endelea kusoma. Mtu aliyesema nimemsahau na kuniandikia barua ya hasira hakosi kuonjeshwa kidogo.

Nina la kukueleza. Januari uliponiuliza kama kadi inafaa kununuliwa, hakuna mtu duniani aliyetaka mashine ile ifanye kazi kuliko mimi. Nilijua neno lililokwama ni lipi. Ningeweza kukwambia nunua, nunua mbili, na paa la Bi Lubna livuje. Niliandika hivyo usiku mmoja kisha nikaichana ile karatasi, kwa sababu haikuwa kweli, nami sitaki kuingia katika nyumba yenu kwa ushauri mbaya. Ndiyo maana nilikuwa naandika "sidhani" mara mbili. Mwalimu hapitwi na kitu.

Kuhusu kumtaka aseme kwako kwa kinywa chake: nilitaka mume anayeweza kuzungumza na babake. Nimengoja muda mrefu kuliko nilivyodhani, ila sijutii.

Sasa lile swali lako la kwanza, nikujibu sawasawa. Kadi ya daraja la kati, kwa kompyuta yako haifai. Ile uliyo nayo itakutosha mpaka uchoke kuendesha. Lakini kompyuta yangu ya hapa nyumbani ni ya hesabu tu, haina kadi kabisa, ila pawa saplai yake ni nzima na prosesa yake ni ya nguvu. Kwa hiyo kadi kama hiyo jana nimejinunulia mimi, hapa dukani. Wangu kanipunguzia, kisha akaniuliza mbona mtu asiyecheza gemu ananunua kadi, nikamwambia kuna watu wananingoja barabarani.

Usimwambie Madi kitu. Jibu lake nitampa mwenyewe, kwa kinywa changu, kama alivyofanya yeye. Alhamisi baada ya alasiri mkianza kupanda mlima mtaona lori la tatu linakuja nyuma yenu. Sijawahi kuendesha hata baiskeli, mnivumilie kwenye kona. Na maadamu wewe ndiye walii, na mimi na yeye bado hatujafunga ndoa, usitupishe hata akikuomba. Yeye akae mbele, mimi nyuma, na lori lako likae katikati kama inavyopasa, usikie kila neno.

Bi Lubna mwambie afukize kiti chako vizuri siku hiyo, na vigelegele aviweke tayari.

Binti yako,
Hayat